Sindano za umeme kwa mishipa iliyoumia: wapi zinasaidia, na wapi watu wanapoteza miezi

Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Umoja wa Mataifa ulitangaza majeruhi 2,800 katika vituo vya afya ndani ya siku tano tu, kati ya tarehe 26 na 30. Wengi walipasuliwa, wakafungwa vidonda, wakarudi nyumbani. Na sawa vile inatokea kisha kila vita, kuna wenye kidonda kilikauka lakini shida ikabaki. Mfupa umeungana, ngozi imefunga, lakini mkono haunyanyuki, vidole havifunguki, ao mguu unakokota vidole chini na kujikwaa kwa kila jiwe. Munganga anaangalia, anasema neno moja: mshipa uliguswa.

Kisha neno hilo, familia inaanza safari nyingine. Mmoja anashauri mafuta ya kukanda. Mwingine analeta miti ya kijijini, mwingine anapeleka mgonjwa kwenye maombi. Na siku hizi kuna ushauri mwingine wenye kutembea kutoka simu hadi simu: sindano za Kichina zenye kuunganishwa na umeme. Kwenye video mtu analala, sindano nyembamba zimepangwa kwenye mguu wake, waya ndogo zimefungwa juu, na nyama ya mguu inaruka yenyewe. Mtu mwenye mguu wake haujacheza tangu miezi mitatu akiona vile, ni lazima moyo wake uruke pia.

Jibu la haraka, kwa mwenye hana wakati wa kusoma yote: sindano hizo si uongo, lakini zinauzwa mara nyingi kwa kazi ambayo haziwezi kufanya. Kwa maumivu zinaweza kusaidia watu fulani. Kwa mshipa uliobanwa ao uliogongwa, utafiti fulani unaonyesha dalili nzuri. Kwa mshipa uliokatika, hakuna sindano wala umeme wenye kuunganisha ncha mbili zilizoachana. Na hapo mgonjwa anapoteza kitu ambacho hakirudishwi, yaani wakati.

Mshipa gani huo?

Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo hapa. Bomba la damu tunaita mshipa, kamba ya kushika nyama kwenye mfupa tunaita mshipa, na waya wa kupeleka habari kutoka ubongo hadi vidole, huo pia ni mshipa. Hapa tunaongea juu ya huo wa tatu, mshipa wa fahamu. Ule wenye kutoka kwenye uti wa mgongo na kuenda mkononi ao mguuni unaweza kufananishwa na kamba ya umeme yenye nyuzi maelfu ndani. Kila uzi ni mrefu sana, na mzizi wake uko mgongoni ao karibu na mgongo. Uzi ukikatwa pajani, mzizi wake bado uko hai. Ni sehemu ya chini ndiyo inakufa.

Jambo hilo lilionwa na Mwingereza Augustus Waller mwaka 1850, alipokata mishipa ya ulimi wa chura na kuangalia nini inatokea. Sehemu iliyotengwa na mzizi inaoza na kusafishwa na mwili. Lakini sehemu ya juu inachipuka, sawa muti wa muhogo uliokatwa, na machipukizi yanatafuta njia ya kushuka.

Mengi ambayo waganga wanajua juu ya mishipa hii yalitoka vitani. Silas Weir Mitchell alijifunza kwa majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na aliandika juu ya maumivu ya kuunguza yenye kubaki kisha sasi kupita karibu na mshipa. Mwaka 1915, katika vita vya kwanza vya dunia, Mfaransa Jules Tinel na Mjerumani Paul Hoffmann, kila mmoja upande wake wa vita, walitoa mbinu moja: kugonga kwa kidole juu ya njia ya mshipa, na kuuliza mgonjwa wapi anasikia kitu sawa umeme. Na mwaka 1943, Mwingereza Herbert Seddon alipanga majeraha ya mishipa katika aina tatu. Mpango wake bado unatumika leo, na mgonjwa mwenyewe anafaa kuujua.

Aina ya kwanza, mshipa umegongwa tu. Nyuzi ziko, lakini habari haipiti. Hii inapona yenyewe, mara siku chache, mara hadi miezi mitatu. Aina ya pili, nyuzi za ndani zimekatika lakini mfuko wake wa nje umebaki. Hapa nyuzi zinaota tena ndani ya njia yao ya zamani, bila mtu kuzisaidia, lakini polepole. Aina ya tatu, mshipa wote umekatika, ao umejaa kovu ambalo nyuzi haziwezi kupita. Hapo machipukizi yanafika kwenye ncha, yanakosa njia, yanajikunja kuwa kidonge chenye kuuma. Bila mpasuaji kushona ncha hizo, ao kuweka kiraka cha mshipa uliotolewa pahali pengine (mara nyingi nyuma ya mguu, kwenye mshipa wa ngozi ambao mtu anaweza kuishi bila huo), hakuna kitakachorudi.

Kwa macho, hizi aina tatu zinafanana siku ya kwanza. Mguu wa aina ya kwanza na mguu wa aina ya tatu, yote inaanguka vilevile.

Hesabu ya milimita

Nyuzi zinaota kwa mwendo wa milimita moja hivi kwa siku. Ni sentimita tatu kwa mwezi. Sasa kila mtu achukue rula.

Mtu mwenye mshipa wake uliguswa kati ya mkono wa juu, na kiganja chake kimeanguka, ana sentimita kumi ao kumi na tano ya kungojea mbele nyama za kwanza zipate habari. Ni miezi minne, mitano. Mtu mwenye mshipa mkubwa wa mguu uliumia kwenye tako, ana karibu nusu mita hadi kwenye nyama zenye kuinua mguu. Ni mwaka mmoja na miezi kadhaa. Lakini nyama nayo haingoji bila mwisho. Nyama isiyopata habari inakonda, na kisha mwaka mmoja ao mwaka na nusu inageuka kuwa nyuzi ngumu na mafuta. Hata mshipa ukifika hapo, unakuta nyumba imebomoka.

Ndiyo maana waganga wengi wanajiwekea tarehe. Kama kisha miezi mitatu hakuna dalili yoyote ya kurudi, mpasuaji anapaswa kufikiria kufungua na kuangalia. Kisha miezi sita bila dalili, kungojea zaidi ni kuchagua kupoteza. Mtu mwenye alitumia miezi minane ya kwanza kwa vikao vya sindano, hata kama mwenye kumtunga alikuwa na moyo mzuri, anafika kwa mpasuaji na mguu wenye mlango wake uko karibu kufungwa.

Kwa nini watu wengi wanashukuru sindano

Hapa kuna jambo ambalo linachanganya hata watu wenye elimu. Daktari wa jeshi la Marekani, George Omer, alifuata majeruhi wa vita vya Vietnam wenye mishipa ya mikono iliumia. Aliandika mwaka 1974 kwamba kwa wenye walipigwa masasi, karibu 7 kati ya 10 walipona bila mshipa kushonwa, wengi kati ya mwezi wa tatu na mwezi wa tisa. Sababu yake ni kwamba sasi likipita kwa kasi linasukuma nyama pembeni kwa nguvu, na mshipa unavutwa na kugongwa bila kukatika.

Fikiri sasa mtu wa Bukavu ao Butembo mwenye yuko kati ya hao saba. Mwezi wa pili anaanza vikao vya sindano za umeme. Mwezi wa nne kidole gumba kinacheza. Atasema nini? Atasema sindano zilimponya, na atasema kwa nguvu, na jirani zake wataamini juu walimwona. Angekunywa miti, angeshukuru miti. Hakudanganya mtu. Ni mwili wake ulikuwa unatembea milimita yake kila siku, na sindano zilikuta safari ilisha kuanza.

Wale watatu wenye kubaki hawatokei kwenye video. Wao walilipa sawa wengine, na juu yao nyama ya mguu iliruka vilevile chini ya umeme. Na hiyo kuruka yenyewe, ni lazima kuielewa vizuri: umeme unaweza kurusha nyama ambayo mshipa wake uko mzima, ao hata kupita nyama ya pembeni yenye haikuumia. Kuona kiungo kinaruka si ushuhuda kwamba njia kutoka ubongo imefunguka. Ushuhuda ni mgonjwa mwenyewe kukiamuru, mashine ikiwa imezimwa.

Utafiti unasema nini kabisa

Akupuntura ni ya zamani sana nchini China, lakini kuiunganisha na umeme ni jambo la karibuni zaidi. Ilienea hasa kisha mwaka 1958, wakati waganga wa Kichina walianza kuitumia kupunguza maumivu kwenye upasuaji. Mashine yake si kitu cha kuogopesha: kisanduku kidogo, mara nyingi cha betri, chenye kutoa umeme mdogo kupitia sindano mbili mbili. China ilituma timu yake ya kwanza ya waganga Afrika mwaka 1963, Algeria, na tangu hapo timu hizo zimefanya akupuntura katika nchi mingi za bara letu. Kwa hiyo si kitu kipya, na si uchawi.

Kwa upande wa maumivu, kazi yenye kujulikana zaidi ni ya Han Jisheng, wa Beijing. Yeye na wenzake walionyesha kwamba umeme wa mapigo mawili kwa segonde na ule wa mapigo mia moja kwa segonde unafanya mwili kutoa aina tofauti za dawa zake wenyewe za kupunguza maumivu, ndugu za morfini. Hiyo ni maelezo yenye msingi. Lakini kueleza namna kitu kinaweza kufanya kazi ni tofauti na kuonyesha kwamba kinasaidia wagonjwa. Kundi la Cochrane, lenye kazi ya kukusanya na kupima masomo ya waganga, liliangalia mwaka 2017 akupuntura kwa maumivu ya mishipa. Lilikuta masomo sita tu, watu 462, na likasema ushahidi hautoshi kukubali wala kukataa.

Kwa upande wa kuotesha mshipa, masomo mengi ni ya panya. Watafiti wanabana mshipa wa paja la panya na koleo ndogo, wanagawa panya makundi mawili, moja linapata sindano za umeme. Mara nyingi kundi hilo linatembea vizuri mbele ya lingine. Ni habari nzuri, lakini tuangalie vizuri. Mshipa uliobanwa na koleo ni aina ya pili ya Seddon, ile yenye kupona yenyewe, na panya anarudi kutembea kisha wiki tatu ao nne hata bila kutibiwa. Tena njia ya panya kutoka paja hadi kidole ni sentimita chache. Nyama yake haifi ikingojea. Kupeleka matokeo hayo moja kwa moja kwa mtu wa mita moja na nusu mwenye alipigwa sasi kwenye tako ni kuruka mto bila kilalo.

Kwa watu, somo moja linafaa kutajwa juu lilifanywa kwa uangalifu. Mwaka 2017, timu ya Boston, Marekani, ilichapisha kazi juu ya wagonjwa 80 wenye mshipa wao wa kiganja ulibanwa kwenye kifundo, ugonjwa wa ganzi ya vidole yenye washonaji na wasusi wa nywele wanajua. Kundi moja lilipata sindano za umeme kwenye mkono wenyewe, la pili mbali kwenye mguu, la tatu lilipata sindano za kujifanya tu. Makundi yote matatu yalisema maumivu yamepungua, hata la kujifanya. Lakini kipimo cha mwendo wa habari ndani ya mshipa kilipata nafuu kwa makundi mawili ya kweli tu. Ni jambo la kuchukua kwa uzito. Ila mwaka uliofuata, Cochrane ilikusanya masomo 12 juu ya ugonjwa huohuo, ikakuta kwamba kwa muda mfupi tofauti kati ya akupuntura na ile ya kujifanya ni ndogo ao haipo. Na wote hao walikuwa na mshipa uliobanwa. Hakuna hata mmoja alikuwa na mshipa uliokatwa na sasi, panga ao kioo.

Umeme huohuo, pahali pengine

Kuna upande wa hadithi hii ambao wenye kuuza vikao hawausemi, pengine juu hawaujui. Umeme kweli unaweza kuharakisha mshipa uliokatika, lakini kisha kushonwa.

Nchini Kanada, mtafiti Tessa Gordon na wenzake walianza na panya, wakakuta kwamba saa moja tu ya umeme, mapigo 20 kwa segonde, kwenye mshipa uliotoka kushonwa, inafanya nyuzi zivuke kovu haraka zaidi. Haziongezi mwendo kisha hapo. Milimita inabaki milimita. Lakini kuvuka pahali pa kushona ndiko nyuzi nyingi zinachelewa na kupotea, na hapo saa hiyo moja inasaidia. Kisha wakaenda kwa watu. Mwaka 2010 walitoa matokeo ya wagonjwa 21 wenye kufunguliwa mshipa wa kiganja, na wenye walipata umeme walirudisha nyuzi za nyama za gumba vizuri kuliko wengine. Mwaka 2015, jimbo la Alberta, ilikuwa zamu ya watu 36 wenye mshipa wa kidole ulikatika kabisa. Wote walishonwa. Wenye waliongezewa ile saa moja ya umeme walirudisha kusikia kwa ngozi vizuri zaidi.

Kwa hiyo mashine ndogo ya betri inaweza kuwa na nafasi yake hata katika vyumba vyetu vya upasuaji, na ni haki ya wapasuaji wa huku kujifunza jambo hilo. Lakini utaratibu ni huo: kwanza mpasuaji, kisha umeme. Familia nyingi zinafuata utaratibu wa kugeuza, na sababu si ujinga. Kikao cha sindano kinalipwa kidogo kidogo, kinapatikana mtaani, na mwenye kukifanya anaongea na mgonjwa nusu saa nzima. Upasuaji wa mshipa unahitaji mtu mwenye alijifunza kazi hiyo, uzi mwembamba kuliko unywele, kioo cha kukuza, na kwa watu wa Walikale, Shabunda ao Fizi, barabara yenye kufunguka. Mashine ya kupima mwendo wa habari katika mshipa, yenye ingeonyesha mapema kama kuna uhai, si ya kukuta katika kila hospitali kubwa. Hapo serkali na wafadhili wana deni, na kulaumu mgonjwa peke yake si haki.

Sindano inaweza kuumiza

Hatari ya kwanza, nchi yetu iliilipa bei kubwa. Mwaka 1976, katika hospitali ya Yambuku, jimbo la Équateur, sindano tano tu zilitolewa kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa kutoka nje, zikapita kutoka mtu hadi mtu bila kuchemshwa vizuri, na Ebola ikasambaa. Mwaka 2018 huko Beni, OMS ilisema kwamba vituo vya mtaani, vile tunaita tradi-moderne, vilikuwa kati ya njia za kusambaza Ebola, watoto wengi wakiwemo. Sindano ya akupuntura ni nyembamba, haitoi damu mingi, lakini virusi vya homa ya ini na vya sida havihitaji damu mingi. Kila sindano inafaa kufunguliwa mbele ya macho ya mgonjwa kutoka karatasi yake, itumike mara moja, itupwe. Mwenye kusema anazisafisha na pombe ili atumie tena kesho, ni wa kuachwa palepale. Sindano haipaswi kuingizwa ndani sana kwenye kifua wala mgongo wa juu, juu inaweza kutoboa pafu. Na mtu mwenye mashine ya moyo hapaswi kuunganishwa na umeme huo.

Hatari ya pili watu wengi hawaijui. Ngozi yenye mshipa wake umekufa haisikii moto. Ukiweka taa ya kuchoma, chupa ya maji ya moto, ao ukikanda na kitambaa kilichotoka kwenye sufuria, mgonjwa hatapiga kelele. Ataungua hadi nyama, na kidonda hicho kitakawia kupona. Mwenye kukanda apime maji na mkono wake mzima kwanza, na jioni mgonjwa aangalie unyayo wake, sawa vile wagonjwa wa ukoma wanafundishwa kufanya.

Na kuna sindano nyingine kabisa, ya kawaida, yenye kuharibu mishipa bila vita yoyote: ile ya tako. Mtoto mwenye malaria anatungwa kinini kwenye tako, analia kwa namna isiyo ya kawaida, na siku hiyohiyo mguu unaanguka. Dawa iliingia ndani ya mshipa mkubwa ao karibu nao. Tangu 2011 OMS inashauri artesunate pahali pa kinini kwa malaria kali, watoto na wakubwa, na kwa mtoto sindano ya nyama inatungwa mbele ya paja, mbali na mshipa huo. Wazazi wana haki ya kuuliza kwa nini bado mtu anatafuta tako la mtoto wao. Mguu wa mtoto huyo pia unahesabiwa kwa miezi: mazoezi tangu wiki ya kwanza, na mpasuaji kama mwezi wa tatu ao wa sita unafika bila dalili.

Mbele ya kutoa pesa

Swali la kwanza kwa mwenye mashine si bei ya kikao. Ni hili: mshipa wangu umekatika ao umegongwa, na wewe ulijua namna gani? Kama hawezi kujibu, ao anasema haina maana, basi hajui anatibu nini. Mwenye kazi ya kweli ataomba barua ya hospitali, ataangalia kovu liko wapi, atapima nguvu ya kila nyama na kuandika, na atakubali mgonjwa aendelee kuonwa na munganga. Ataweka pia mwisho: tukifika tarehe fulani bila mabadiliko, tunaacha. Ahadi ya kuponya kila kupooza ni dalili mbaya, juu si kila kupooza kunatoka kwenye mshipa wa mkono ao mguu. Kupooza kwa upande mmoja kisha damu kupanda, ao konzo ya muhogo usiolowekwa vizuri, kunatoka juu zaidi, kwenye ubongo ao njia zake, na hesabu yake ni nyingine.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kufuata mshipa wake nyumbani, bila mashine, kwa ile mbinu ya Tinel. Unagonga polepole kwa kidole kuanzia chini, ukipanda kwenye njia ya mshipa, hadi pahali ambapo kitu sawa umeme kinakimbia kuelekea vidole. Unaweka alama na biki, unapima umbali kutoka kovu, unaandika tarehe. Mwezi unaofuata unarudilia. Alama ikishuka sentimita mbili, tatu, nyuzi zinatembea. Ikibaki pale pale mwezi wa pili, wa tatu, peleka kile kikaratasi kwa munganga, kitamsaidia kuamua. Si kipimo kamili, lakini ni bora kuliko kungojea macho yamefungwa.

Kazi nyingine ya kila siku haina sifa yoyote: kunyoosha vidole na kifundo kwa mkono mwingine, asubuhi na jioni, ili viungo visikauke, na kuvaa kifaa cha kushika mguu usianguke. Hiyo ni kazi ya waganga wa mazoezi, wale tunaita makinezi. Huko Goma, hospitali ya CBCA Ndosho na kituo cha Shirika la Umoja, na huko Bukavu kituo cha Heri Kwetu, wamefanya kazi hiyo na wagonjwa wa vita kwa miaka mingi, na CICR imewasaidia. Kwa mwenye maumivu ya kuunguza usiku, munganga anaweza kuandika amitriptyline, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Na kama mtu anapenda kuongeza sindano za umeme kwa maumivu hayo, na ziko safi, na hazimzuii kuenda hospitali, hakuna sababu kubwa ya kumkataza.

Na wenye walisha kuchelewa? Kwa mwenye mguu wake umeanguka tangu miaka mitatu, kushona mshipa hakuna faida tena, wala vikao mia moja vya umeme. Lakini upasuaji mwingine upo. Kule Vellore, India, mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari Paul Brand alianza kuhamisha kano za nyama zenye nguvu ili zifanye kazi ya zile zilizokufa kwenye mikono ya wagonjwa wa ukoma. Kwa mguu, wapasuaji wanachukua kano ya nyama yenye kugeuza unyayo ndani, wanaipitisha mbele, na inafanya kazi ya kuinua mguu. Inahitaji nyama hiyo yenyewe iwe bado na mshipa mzima, kwa hiyo si kila mtu mwenye alipigwa kwenye tako anafaa. Inahitaji pia kifundo chenye bado kinalegea. Haingoji mshipa uote, kwa hiyo inaweza kufanywa kisha miaka mitano ao kumi, na kisha wiki sita hivi za plata mgonjwa anaanza kujifunza kwa kinezi namna ya kuamuru kano ile ifanye kazi yake mpya.